Kiswahili kisipoingia jikoni kitabaki mgeni mpakani

Wahenga walinena kwamba mchele ni mmoja lakini mapishi ni mbalimbali. Methali hii hutajwa kila muhula madarasani mwetu, ikaelezwa maana yake ya ndani, ikatungiwa insha, kisha daftari likafungwa. Ni nadra kumwona mwalimu akimrudisha mwanafunzi kwenye maana yake ya nje, yaani kwenye mchele wenyewe, sufuria yenyewe na moto wenyewe. Sisi tuliojikita katika taaluma ya lugha tuna mazoea ya kukitafuta Kiswahili katika diwani, katika kamusi na katika hotuba za viongozi. Leo, kwa idhini yako msomaji, ningependa tukitafute ndani ya sufuria moja ya kuku na tambi, chajio ambacho mtu aliyerudi nyumbani akiwa hoi anaweza kukipika kwa muda usiozidi dakika 45.

Usicheke, msomaji. Hoja yangu ni nzito kuliko sufuria hiyo. Nadai kwamba lugha ambayo haijaingia jikoni haijaingia nyumbani, na lugha ambayo haijaingia nyumbani hubaki mgeni hata ikipewa hadhi gani katika katiba. Na hakuna mahali panapoidhihirisha hoja hii kama miji ya Busia na Malaba, katika mpaka wa Kenya na Uganda.

Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Barabara itokayo Kisumu hupita katikati ya maduka ya upande wa Kenya, huvuka mpaka, kisha huendelea katika mji wa pili wenye jina lilo hilo. Malaba, ulio umbali wa takriban kilomita 30 kuelekea kaskazini, ndio mlango wa reli na wa malori. Hapo ndipo ipitapo njia ya reli iliyofika Kampala mwaka 1931, na hapo ndipo yanapopanga foleni malori yatokayo bandari ya Mombasa. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, foleni hizo zilirefuka kwa kilomita nyingi na madereva wakalazimika kukaa siku kadhaa barabarani. Mwaka 2018, tarehe 24 Februari, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili.

Katika eneo hili wanaishi Wateso, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiturkana na Kikaramojong. Wanaishi pia Wakhayo, Wasamia na Wamarachi, ambao ni Waluhya, pamoja na Wajaluo na wafanyabiashara kutoka kila pembe. Ng'ambo ya pili wamo Waganda, Wasoga, Wagisu na wengineo. Kinachowaunganisha wote hawa sokoni na barabarani ni Kiswahili. Tena mpaka huu si mpokeaji tu wa maneno. Ni mtoaji pia. Kwa mapokeo yanayokubalika na wengi, neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa papa hapa, kutokana na vilio vya waendesha baiskeli waliokuwa wakiwaita abiria wa kuvushwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Na kutoka Uganda tumepokea rolex, chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, ambayo haina uhusiano wowote na saa ya mkononi.

Kwa hiyo mtu asije akadhani kwamba Kiswahili hakipo Busia. Kipo, tena kina afya. Swali langu ni hili: kinapofika jioni, mchuuzi akafunga kibanda chake na karani akatoka ofisini, Kiswahili hicho huenda wapi?

Kazi ya kuwakagua wanafunzi wetu wanaofanya mazoezi ya ualimu hunileta huku mara kwa mara. Mchana kutwa huwa nakwenda kutoka shule moja hadi nyingine kwa bodaboda, nikikaa nyuma ya darasa na kuandika maoni. Katika mojawapo ya ziara hizo nilimsikiliza mwalimu mwanagenzi akifundisha resipe, utungo ambao umezoeleka katika vitabu vyetu vya uandishi wa kiuamilifu. Alifundisha vizuri. Alieleza kwamba resipe huwa na kichwa, orodha ya viambato, hatua za upishi na idadi ya walaji. Wanafunzi waliandika resipe za pilau, za biriani na hata za keki. Muundo ulikuwa sahihi na hati zilipendeza.

Baada ya kipindi niliomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Nikawauliza wanafunzi maana ya kuinjika na kuepua. Kimya kikatanda. Mwishowe msichana mmoja aliyeketi dirishani akajibu kwa adabu, "Mwalimu, hayo ni maneno ya Mombasa. Sisi hapa tunasema kuweka kwa moto na kutoa kwa moto."

Jibu hilo lilinifikirisha kwa siku nyingi. Msichana yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa akieleza ukweli wa isimujamii kwa ufupi kuliko niwezavyo mimi katika mhadhara wa saa moja. Kwake, Kiswahili kina maneno ya soko, ya shule na ya mtihani, lakini maneno ya jikoni ni mali ya watu wengine, watu wa mbali. Jikoni kwao husemwa Kiteso au Kikhayo, na hilo ni jema, kwani lugha ya mama haina mbadala. Lakini hata pale jikoni panapokutanisha mke Mkhayo na mume Mteso, au walimu watatu waliopanga nyumba moja, Kiswahili kinachotumika ni kile cha kuweka na kutoa, chenye vitenzi viwili au vitatu vinavyobebeshwa kazi zote.

Jioni hiyo niliwaalika wanagenzi watatu katika nyumba niliyokuwa nimepanga, ambayo jiko lake lilikuwa meko ya gesi ya mtungi wa kilo 6. Niliwapa sharti moja tu: tutapika kuku kwa tambi, na kila tendo litatajwa kwa jina lake. "Daktari," mmoja akaniambia akitabasamu, "kuku ni wa saa mbili huyo." Nikamjibu kwamba inategemea ni kuku yupi.

Hapo pana somo la kwanza. Kuku wa kienyeji, yule anayechakura uani, ana nyama ngumu na tamu, naye huhitaji saa moja na zaidi kabla ya kulainika. Kuku wa gredi hufugwa wiki chache tu na nyama yake huiva upesi. Kwa chajio cha siku ya kazi huyu ndiye anayefaa, na yule wa kienyeji aachiwe Jumamosi au siku ya mgeni. Jina lake, wa aina yoyote, nalo ni ushahidi wa udugu wetu. Waluhya husema ingokho, Waganda husema enkoko, nasi twasema kuku. Mtu hahitaji shahada ya isimu ili kusikia kwamba hayo ni maneno ya ukoo mmoja wa Kibantu. Mjaluo husema gweno, kwa sababu lugha yake ni ya ukoo mwingine. Ndege mmoja, nyumba mbili za lugha, na mpaka wa serikali haumo kabisa katika hesabu hiyo. Serikali zenyewe, hata hivyo, humtazama kuku kwa jicho jingine: Januari 2017 Uganda ilipotangaza mlipuko wa homa ya ndege, Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa kuku na mayai kutoka huko, na mpaka huu ukawa miongoni mwa mahali ambapo amri hiyo ilitekelezwa.

Somo la pili ni tambi. Kamusi zetu hueleza kuwa ni chakula cha unga wa ngano kilichofanyizwa mfano wa nyuzi. Lakini utambi ni uzi wa taa pia, na wingi wake ni tambi vilevile. Anayekijua kibatari ataona mara moja jinsi maumbo yanavyofanana. Pwani, tambi hupikwa kwa sukari, iliki na tui la nazi, na hupendwa sana mwezi wa Ramadhani. Huku bara wengi husema spageti kwa zile ndefu, na kwa zile za pakiti ndogo husema Indomie, hata pakiti ikiwa ya kampuni nyingine. Jina la bidhaa moja limegeuka kuwa jina la jamii nzima ya vitu. Sioni haja ya kuwakemea wasemao hivyo. Naona haja ya kuwakumbusha tu kwamba neno lipo, ni fupi, na ni letu.

Sasa tuingie katika upishi wenyewe. Kwa watu wanne hutosha nusu ya kuku wa gredi, yaani kiasi cha gramu 700, na pakiti ya tambi ya gramu 400. Viungo ni vitunguu maji 2, nyanya 3 zilizoiva, karoti 1, punje 3 za kitunguu saumu, kipande kidogo cha tangawizi, vijiko 2 vya mezani vya mafuta, kijiko 1 cha chai cha chumvi, fungu dogo la dania na nusu ya limau. Maji ni lita moja na nusu, nayo ni vyema yachemshwe kando kwenye birika au yawe tayari katika chupa ya chai.

Kuku hukatwakatwa, si kukatwa tu. Uradidi wa kitenzi hapa si pambo. Kukata ni tendo moja, kukatakata ni tendo linalorudiwa hadi vipande viwe vidogo, vya ukubwa wa vidole viwili hivi. Udogo huo ndio siri ya haraka yote, maana joto huingia kwenye nyama kutoka nje kwenda ndani, na kipande chembamba huiva kabla ya kile kinene kuanza kupata moto katikati. Kisu na ubao vilivyotumiwa kwa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kuguswa nyanya na dania. Kazi hii yote isizidi dakika 8.

Kisha sufuria huinjikwa. Kuinjika, au kuteleka kama wasemavyo wengine, ni kukiweka chombo juu ya moto kwa ajili ya kupika. Mafuta yakishapata moto, vitunguu hukaangwa hadi vibadilike rangi, na saumu na tangawizi zilizopondwa hufuata. Vipande vya kuku hutiwa na kugeuzwageuzwa mpaka vipate rangi ya kahawia. Hatua hizi huchukua dakika 10 hivi. Harufu itakayojaa nyumba kwa wakati huu ndiyo faraja ya kwanza ya chakula hiki. Wanagenzi wangu waliacha kulalamika kuhusu andalio la somo la kesho yake.

Nyanya hutiwa, sufuria hufunikwa, na baada ya dakika 4 nyanya huwa zimerojeka. Kurojeka ni kulainika hadi kupoteza umbo. Ni neno zuri ambalo halina budi kurudi madarasani. Hapo maji ya moto humiminwa pamoja na chumvi na karoti iliyokatwa. Yanapochemka, moto hupunguzwa, mchuzi ukaachwa utokote taratibu kwa dakika 10. Msomaji ataona kwamba nimetumia kuchemka na kutokota. Cha kwanza kinatuambia maji yamefikia joto lake. Cha pili kinatuonyesha yale mapovu na ile sauti yake. Tena joto hilo lenyewe si sawa kila mahali. Busia ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za selsiasi, si 100. Ndiyo sababu tambi zetu huhitaji dakika moja au mbili zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye pakiti.

Tambi huvunjwa katikati na kutiwa mumo humo mchuzini. Watu wengi huzichemsha kando, wakayamwaga maji, kisha wakazichanganya na mchuzi. Njia hiyo inafaa kwa mwenye majiko mawili na muda. Zikipikwa ndani ya mchuzi, huunywa utamu wa kuku, nao wanga utokao kwenye tambi huufanya mchuzi uwe mzito bila ya kuongezwa unga. Katika dakika mbili za mwanzo hukorogwa kwa mwiko ili zisigandamane. Hukorogwa, nasema, hazivurugwi. Akorogaye ana mwelekeo na kipimo. Avurugaye huacha uji badala ya tambi. Baada ya dakika 10 kipande kinene kuliko vyote hupasuliwa ili kuhakikisha kwamba nyama haina wekundu ndani na maji yake ni maangavu. Hapo sufuria huepuliwa. Dania hunyunyizwa, limau hukamuliwa juu yake, na chumvi huonjwa kama imekolea. Jumla ni dakika 42.

Tazama vitenzi tulivyovitumia kwa muda huo: kukatakata, kuinjika, kukaanga, kuponda, kugeuza, kufunika, kurojeka, kumimina, kutokota, kukoroga, kuepua, kunyunyiza, kukamua, kukolea. Hakuna hata kimoja kilichohitaji kuazimwa, na hakuna hata kimoja ambacho mwanagenzi alikisahau siku iliyofuata, kwa kuwa kila kimoja alikitenda kwa mkono wake.

Najua nitapingwa, na pingamizi la kwanza litatoka kwa wazee. Watasema kuwa haraka haraka haina baraka, na kwamba kuku si chakula cha kuharakishwa. Wana hoja. Katika jamii za Waluhya kuku ni heshima ya mgeni, naye huchinjwa kwa ajili yake, akapikwa polepole na kuandaliwa kwa ugali. Firigisi, ambayo Waluhya huiita imondo, humwendea baba wa nyumba au mgeni mkuu, na ole wake mtoto atakayeidokoa. Kila kipande kina mwenyewe na kila mwenyewe ana cheo chake.

Mama mwenye nyumba, mzee wa zaidi ya miaka 70, alivutwa na harufu akaja kutujulia hali. Nilimkaribisha mezani. Alilitazama bakuli kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, kuku huyu mmemkata hata hajulikani paja wala kidari. Nani sasa atapewa firigisi?" Tukacheka sote. Lakini alipokuwa akila alitueleza jambo ambalo lilituondolea kicheko. Mama yake mzazi, alisema, alimpika kuku maisha yake yote na hakuwahi kumwonja. Ulikuwa mwiko.

Wanahistoria na wanaanthropolojia wameandika kuhusu miiko hiyo miongoni mwa Waluhya na Waganda: wanawake walipika kuku na mayai kwa ajili ya wengine. Kiswahili kwa bahati kina neno mwiko kwa maana mbili, kile chombo cha kukorogea na lile katazo la jadi. Wanawake wengi walikabidhiwa mwiko wa kwanza na kuzuiwa na wa pili. Siku hizi katazo hilo limefifia mno, na binti wa leo hula kuku bila ya kumwuliza mtu. Nasi tusiokuwa na nia ya kuzivunja mila njema twaweza kuona jambo moja katika sufuria hii ya haraka: vipande vyake ni vidogo na vinafanana, hivyo bakuli la mtoto, la mama na la mgeni hujazwa kwa upawa mmoja. Kuku wa heshima aendelee kupikwa siku ya heshima. Jumanne ya kawaida nayo ina haki ya kuwa na chakula kisichomuuliza mtu cheo chake.

Pingamizi la pili litatoka kwa vijana. Watauliza, ya nini dakika 42 ilhali pakiti ndogo huwa tayari kwa dakika tatu? Swali hili nimelisikia mara nyingi katika mabweni ya chuo kikuu. Jibu lake linaanzia Japani. Tarehe 25 Agosti 1958 mfanyabiashara Momofuku Ando alianza kuuza tambi za kwanza zilizokuwa zimekwisha kupikwa na kukaushwa, ambazo mlaji alizimwagia maji ya moto tu. Japani ilikuwa bado inakumbuka njaa iliyofuatia Vita vya Pili vya Dunia, na Ando alitaka chakula cha bei nafuu kisichooza upesi. Na ladha ya tambi hizo za kwanza ilikuwa ipi? Ya mchuzi wa kuku! Kwa hiyo kuku na tambi ni marafiki wa zamani katika historia ya chakula cha haraka.

Simbezi Ando wala mwanafunzi mwenye shilingi chache mfukoni. Lakini katika pakiti nyingi zilizopo madukani kuku yumo kwenye picha na kwenye unga wa ladha tu. Unga huo nao una chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na pakiti moja huweza kumega sehemu kubwa ya kiasi hicho. Katika sufuria yetu kijiko hicho kimoja kiligawanywa kwa watu wanne. Isitoshe, aliyemwaga maji ya moto juu ya pakiti ametenda vitendo viwili: kumwaga na kungoja. Wanafunzi wanne wakichanga fedha zao, wakagawana kazi ya kumenya, kuponda na kukoroga, watapata mlo kamili, na watapata pia mazungumzo ambayo pakiti ya mtu mmoja mmoja haiwezi kuyaleta.

Niwageukie walimu wenzangu. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya kote mwaka 2019, unasisitiza kwamba mwanafunzi ajue kutenda, si kukariri. Basi resipe na iwe mfano wa kutenda. Kwanza, mwalimu amwagize kila mwanafunzi aandike upishi ambao ameuona kwao kwa macho yake, si biriani ya kitabuni. Atakayeandika namna ya kusonga ugali wa mtama na muhogo, au ya kupika omena, ataandika kwa mamlaka. Pili, maagizo yale yale yaandikwe kwa sura tatu: kwa amri, yaani kata vitunguu, kwa dhamira tegemezi, yaani ukate vitunguu, na kwa hali ya mazoea katika kauli ya kutendwa, yaani vitunguu hukatwa. Mwanafunzi aeleze ni ipi angeitumia kwa mdogo wake, ipi kwa mama yake, na ipi kitabuni. Nakuhakikishia, mwalimu, kwamba sarufi na adabu zitafundishika kwa pamoja. Tatu, kila kitenzi cha jikoni kiandikiwe mwenzake wa Kiteso, Kikhayo, Kisamia au Dholuo. Mtoto atagundua kwamba lugha ya nyanya yake nayo ina neno la kuinjika na la kuepua, na kwamba Kiswahili hakikuja kulifuta neno hilo bali kukaa nalo jiko moja.

Haya yana uzito kwa sababu majirani zetu wanatutazama. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Novemba mwaka huo huo UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe shuleni. Sisi Wakenya tuna kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, kinachokifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Maazimio hayo ni mema, nami nayaunga mkono kwa mikono miwili.

Hata hivyo, azimio halina harufu wala ladha. Kwa muda mrefu Waganda wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya askari na ya amri, na lugha inayojulikana kwa kuamrisha haipendwi kwa kutangazwa katika gazeti la serikali. Hupendwa inapoanza kumkaribisha mtu, kumwambia aketi, aonje kama chumvi imekolea, aongezewe mchuzi. Mtoto wa Busia ya Uganda akimsikia mwenzake wa Busia ya Kenya akisema hayo kwa Kiswahili fasaha na chenye upole, atakuwa amepata mwalimu bora kuliko kipaza sauti cha mkutano wowote.

Kwa hiyo, mwalimu, kabla ya kusahihisha resipe kumi zijazo za pilau, waulize wanafunzi wako wamekula nini jana jioni na kilipikwaje. Nawe mwanafunzi, siku utakaporudi nyumbani umechoka, njaa inakuuma na mvua inanyesha, tafuta nusu ya kuku, pakiti ya tambi na nyanya tatu. Injika sufuria, uyataje majina ya matendo yako mbele ya wadogo zako, kisha uepue na uwapakulie wote sawasawa.